Mstari wa Kijani wa Kiboriloni

Jumatatu asubuhi walibandika orodha ya wapiga kura kwenye ukuta wa ofisi ya chama chetu cha msingi, Kirua Vunjo, na kabla ya saa nne watu wa vitongoji vya juu walikuwa wameshajua kuwa hawamo. Si mmoja, si wawili. Wote. Nilihesabu majina kwa kidole, mara mbili, huku mlinzi akinigombeza nisichafue karatasi. Mia tatu tisini na nane. Chama chetu kilikuwa na wanachama zaidi ya elfu moja.

Chini kabisa palikuwa na mhuri, sahihi ya meneja wetu Shedrack, na maneno haya: ambaye hayumo katika orodha hii hatapiga kura Jumamosi.

Jumamosi tulikuwa na swali moja tu. Shamba la chama lililoko chini, lile la mlowezi lililotaifishwa mwaka sabini na tatu, lipewe mwekezaji kwa miaka thelathini na mitatu, au lisipewe. Watu wa vitongoji vya chini walishaahidiwa ajira na barabara, wakaridhika. Sisi wa juu, ambao kihamba, shamba la ukoo penye nyumba, kimegawanywa kwa watoto wa watoto mpaka mgomba wa jirani unakuangushia majani mlangoni, tunaishi kwa shamba lile. Wanawake wetu wanashuka kila siku kukata majani ya ng'ombe, na kila nyumba ina kipande chake cha mahindi kule. Likifungwa kwa uzio, ng'ombe anauzwa. Ng'ombe akiuzwa hakuna samadi, migomba inakonda, na nyumba inakonda nayo.

Mimi nazikumbuka orodha. Mwaka sabini na sita walipovunja vyama vya ushirika walianza na orodha. Mwaka themanini na tatu tulipanga foleni ya sukari kwa orodha. Mwaka themanini na saba ikaja ya mrututu wa kupulizia kahawa, ukurasa wa mwisho ukachanika, na mama yangu alikuwa ukurasa wa mwisho; msimu ule ugonjwa wa chulebuni ulikula kahawa yake yote. Miaka yote hiyo sijaona orodha ikichanika upande wa wakubwa.

Lakini hii ya mwaka 2002 haikuandikwa kwa mkono. Ilitoka kwenye kompyuta. Kwa hiyo ukiuliza, unajibiwa kwa upole, kana kwamba umefiwa: "Mashine haijakuona, mzee."

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Mpiga kura ni mwanachama aliyeleta kahawa chamani angalau mara moja katika misimu mitatu iliyopita. Kompyuta inasoma jina, inatafuta jina hilo kwenye vitabu vya mizani, ikilikuta inaliandika. Mkutanoni niliipigia makofi sheria hiyo.

Jioni ile Theodora alikuja kwangu amekasirika. Ni mjane wa binamu yangu, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, ila siku hiyo hakucheka. Alifungua fundo la kanga akanimwagia mezani stakabadhi zake za kahawa, misimu yote mitatu, zimekunjwa vizuri.

"Shemeji, soma. Mimi nimeleta au sikuleta?"

"Umeleta."

"Basi hiyo mashine ina macho gani? Imemwona mlevi wa kitongoji cha kwanza aliyeleta kilo nne, mimi wa magunia haikuniona?"

"Haikuambiwa ikuone," nikasema.

"Nani aliyeiambia?"

"Hilo ndilo tutakaloliuliza Jumatano."

Ofisi yetu ya kijijini umeme wake ni wa kubahatisha, kwa hiyo chama kilipeleka kazi hiyo Kiboriloni, chumba cha ghorofani juu ya wauza mitumba. Mwenye chumba aliitwa Anwar, kijana wa mjini Moshi aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, na ndiye aliyetunga programu yenyewe. Aliyeketi kwenye mashine alikuwa karani wetu, Gladness, binti wa kitongoji cha pili. Tulipanda ngazi Jumatano asubuhi, mnada wa suruali ukipigiwa kelele chini yetu.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama," Gladness akasimama.

"Marahaba. Tumekuja kuona inavyofanya kazi."

"Kuona?"

"Kuona. Orodha ni ya chama, na mimi ni chama. Iendeshe."

Akamtazama Theodora, ambaye alikuwa ameshavuta kiti na kuweka mkoba miguuni kama mtu aliyekuja kulala. Akabonyeza.

Kwenye kioo pakatokea kisanduku chenye maneno "Tafadhali subiri, kazi inaendelea," na chini yake mstari mweupe ulioanza kujaa rangi ya kijani kutoka kushoto. Nilitazama saa yangu. Mstari ulikwenda taratibu, laini, haukwami wala hauruki. Ulipojaa ukaandika "Kazi imekamilika", na kitufe cha kuchapa kikawaka.

"Dakika nne," nikasema.

"Huwa ni dakika nne," Gladness akasema kwa fahari. "Zamani kabla Anwar hajaweka mstari ilikuwa shida, babu. Kioo kinaganda cheupe, hujui imekufa au inafanya kazi. Mara mbili nilidhani imekufa nikaizima, tukaharibu kazi ya siku tatu. Sasa mstari unakwambia umefika wapi."

Theodora akainama karibu na kioo. "Na mimi nimefika wapi?"

Kulikuwa na kitu kinanisumbua. Nimekuwa mgawa maji wa mfongo wetu, mfereji wa kushusha maji mashambani, miaka kumi na minne. Ukifungulia maji huko juu kwenye banio yanakochepushwa toka mtoni, yaingie mfereji uliokauka, hayashuki kwa mwendo mmoja. Yanafika penye udongo laini yananywewa. Yanaingia shimo la fuko yanazunguka humo. Kwa mtu mwenye migomba mingi yanachelewa, kwa mwenye michache yanapita. Mtu akikuambia maji yake yameshuka sawasawa toka banioni mpaka kwake, huyo hakwenda banioni, alilala. Na huu mstari ulikuwa umeshuka sawasawa mno.

"Gladness, kitongoji cha kwanza kina watu wangapi?"

Akafungua daftari. "Mia mbili na kumi."

"Cha tano?"

"Cha tano kidogo. Arobaini na wawili."

"Unaweza kuiambia isome cha tano peke yake?"

"Naweza, lakini—"

"Iambie."

Akaiambia. Mstari ukaanza tena, laini vilevile. Chini muuza mitumba alikuwa anaapa kwa mama yake kuwa koti limetoka Ulaya. Nilisimama nimeshika saa yangu ya kujaza karibu na sikio, ingawa naiona vizuri tu. Mstari ukajaa.

"Dakika nne," nikasema.

Gladness alilitazama tena daftari lake.

"Watu arobaini na wawili, dakika nne. Watu elfu moja na ushee, dakika nne. Mwanangu, wewe ukipepeta debe moja la maharage na ukipepeta magunia kumi, unatumia muda mmoja?"

"Labda... labda ina kasi yake, babu."

"Iendeshe tena yote. Ikimaliza usiguse kitu."

Akaiendesha. Mstari ukajaa, "Kazi imekamilika", na mimi sikutazama kioo. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mbele ya lile sanduku la kompyuta, maana tulipoingia nilikuwa nimeona lina kitaa kidogo chekundu mbele. Kitaa kilikuwa kinapepesa haraka haraka, kama jicho la mwongo. Kazi imekamilika, na kitaa kinapepesa. Theodora naye akainama, magoti yakimlia.

"Hii inafanya nini na imesema imemaliza?" akauliza.

"Niitieni Anwar," nikasema.

Alikuwa chini anakunywa chai. Akapanda na kikombe, fulana nyeupe, ndevu changa, akanipa shikamoo ya heshima. Nilimweleza nilichokiona. Mwanzoni alitabasamu, lile tabasamu la vijana waliosoma. Nilipofika kwenye watu arobaini na wawili tabasamu likakatika, akaweka kikombe mezani juu ya karatasi za watu.

"Mzee, nani amekufundisha kompyuta?"

"Hakuna. Jibu swali. Huu mstari unajua nini?"

Akakuna shingo. "Haujui kitu."

"Rudia, shemeji yangu asikie."

"Haujui kitu, mama. Ni saa tu. Gladness alikuwa anazima mashine kila ikiganda, nikaona niweke kitu kinachotembea ili atulie. Wakati ule tulikuwa tumeingiza majina kama mia nne ya kujaribia, ya vitongoji vya mwanzo. Yalichukua dakika nne. Nikauambia mstari ujae kwa dakika nne. Kazi yenyewe inaendelea nyuma, mbali na mstari."

"Na kitufe cha kuchapa?"

"Kinafunguka mstari ukijaa." Akafumba macho. "Ya Rabi. Anachapa kilichofika."

Kilichofika. Kompyuta ilisoma watu kwa mpangilio wa vitongoji, toka chini kupanda juu, na kila mara ilipofika kama mia nne, Gladness alichapa na kufunga. Sisi wa juu tulikuwa tunaachwa njiani na mstari wa kijani uliowekwa kumtuliza karani.

"Kwa hiyo hukuiba," Theodora akamwambia Anwar. "Ulidanganya tu."

"Mama, sikukusudia—"

"Nimesema hukuiba. Kaa, irekebishe."

Akakaa. Nilimsimamia nyuma, maana mtu aliyekiri kosa moja bado ana mikono miwili. Aliandika maneno ya Kizungu kwa kasi, akafuta mengine. Nikamuuliza ataweka nini badala ya mstari.

"Nitauondoa tu, mzee. Tutasubiri bila kitu."

"Hapana. Bila kitu ndiko kulikomfanya binti azime. Unachosoma ndicho uandike. Kama unasoma namba hamsini, andika hamsini, na kitongoji chake. Ukikwama tukuone umekwama."

Akageuka kunitazama, akarudi kuandika. Gladness alikuwa ametoka. Nilimsikia chini anaomba simu dukani, na nilijua anampigia nani.

Saa tano kasoro Anwar akabonyeza. Hakukuwa na rangi. Kioo kikaandika: Kitongoji cha kwanza, namba moja. Namba mbili. Namba tatu. Zilikwenda, zikasimama kidogo kwenye kumi na tisa, zikaenda tena. Hazikuwa laini hata kidogo. Nikaanza kuamini kidogo, kidogo sana.

Zilipofika mia tatu na kitu, Shedrack akaingia. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini na hajawahi kunipa shikamoo tangu apate umeneja.

"Habari za leo, Mzee Filemon. Naona siku hizi umekuwa injinia."

"Nzuri. Subiri, tunasoma orodha."

"Orodha ilishatoka. Ina mhuri." Akamgeukia Anwar. "Kijana, nani amekuruhusu kufungua kazi ya chama? Zima hiyo."

"Ikizimwa katikati inaharibika, meneja," Anwar akasema bila kugeuka. "Mpaka tuingize upya."

"Ndiyo nasema uzime."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kuharibika ndiko alikokuwa anakutaka. Majina ya kuingizwa upya siku tatu, na Jumamosi imebaki siku tatu. Akaacha kubishana, akatembea moja kwa moja kuelekea kona, kwenye plagi ya ukutani.

Theodora alifika kabla yake. Sijui mwili ule ulipita wapi. Akaegemeza mgongo ukutani, juu ya plagi, akashusha kanga, akajitandaza.

"Karibu, baba," akamwambia.

"Mama, sogea."

"Nisogee niende wapi? Miguu inauma. Nimetembea toka mlimani kuja kutafuta jina langu."

"Nimesema sogea!"

"Basi nishike uniondoe. Nishike hapa kiunoni. Halafu Jumapili kanisani tuwaeleze ulinishikia nini, Kiboriloni, ghorofani."

Anwar alicheka, akajifanya anakohoa. Shedrack alibaki amesimama na mkono hewani.

"Mia tatu tisini na sita," Gladness akasema. Alikuwa amerudi mlangoni, anasoma kioo kwa mbali. "Tisini na saba. Tisini na nane."

Namba ikakwama hapo. Halafu: kitongoji cha tatu, mia tatu tisini na tisa.

"Meneja," Gladness akasema, sauti yake imepungua, "Jumatatu nilikuambia majina ni machache. Nikakuambia. Ukasema mstari ukifika mwisho kazi imeisha, chapa."

"Wewe fanya kazi yako!"

"Ndiyo ninayofanya." Akaja akakaa karibu na Anwar na kuanza kusoma namba kwa sauti. Hakuna aliyemtuma. Aliogopa, nadhani, na mtu akiogopa afadhali ashike kitu mkononi.

Tulisubiri dakika kumi na moja na nusu zote. Kwenye kitongoji cha sita jina la Theodora lilipita akapiga kigelegele kilichowanyamazisha wauza mitumba. Mwisho kioo kikasimama: wapiga kura elfu moja na thelathini na moja. Nilipiga magoti tena kutazama kitaa. Kilikuwa kimezimika. Ndipo nikasema chapa.

Karatasi zikatoka moja moja. Nilipokea kila moja ikiwa ya moto, nikatafuta kitongoji cha sita, nikashuka kwa kidole. Nikashuka tena.

Sikuwemo.

"Anwar," nikasema. "Nitafute."

Akaandika jina langu. Mashine ilinijua: Filemon, mwanachama tangu mwaka themanini na tano. Halafu akageuza kioo ili niione mwenyewe safu ya kahawa. Msimu wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna.

Katika siku zote hizo tatu sikuwa nimejiuliza kahawa yangu niliipeleka wapi. Hasira ilinitosha. Niliipeleka kwa wanunuzi binafsi, wale wenye mizani ya kuning'iniza barabarani, misimu mitatu mfululizo, kwa kumkomoa Shedrack na chama chake kinachochelewesha malipo. Niliwahubiria wengine wafanye hivyo. Wenzangu waliitikia kwa kichwa na wakaendelea kupeleka chamani.

Shedrack aliona uso wangu, akaja akasoma juu ya bega langu. Aliposema, sauti yake ilikuwa imelainika kama siagi.

"Mzee Filemon, hii si haki. Mtu kama wewe, mwanachama wa zamani! Mashine hii bado mbovu. Andika malalamiko, barua fupi tu, nitaisaini sasa hivi. Orodha tunaisimamisha, mkutano tunausogeza mwezi mmoja, tunasafisha kila kitu."

Alikuwa ameshanitolea kalamu.

Nataka msomaji anielewe: niliitaka kalamu ile. Nimehudhuria mikutano yote ya chama kile tangu kirudishwe. Nimetolewa nje kwa nguvu mara nne. Siku moja tu ambayo kura ilikuwa na maana, nisimame nje kama mpita njia? Na mwezi mmoja ni nini?

Mwezi mmoja ni karatasi hizi kupotea. Ni Gladness kuhamishwa, Anwar kunyang'anywa kazi, na orodha mpya kutoka mahali ambapo Theodora hana ukuta wa kuegemea.

Theodora alikuwa ananitazama tokea kwenye plagi. Alijua mimi ni mtu wa kulalamika; amenisikia nikilalamika kwenye arusi yake.

"Sina malalamiko," nikasema. "Orodha ni sahihi. Mimi sikuleta kahawa."

"Una hakika?"

"Saini kila ukurasa, Shedrack. Hapa, mbele yetu. Na zile za Jumatatu zibanduliwe leo."

Alisaini. Nilitazama kila sahihi ifanane na iliyotangulia. Anwar akachapa nakala tatu. Moja akaichukua Gladness, moja akabaki nayo mwenyewe, moja Theodora akaitia kifuani, akasema anayeitaka aje aichukue.

Jumamosi walikutania ukumbi wa shule. Mlangoni waliita majina kwa orodha, na mimi nilikaa nje ya uzio wa michongoma pamoja na mbuzi wa mwalimu. Madirisha yako juu, nilichokiona ni dari. Nilisikia Shedrack akisoma mkataba, kisha kelele, kisha kimya kirefu sana. Hakuna aliyetoka. Saa moja ikapita, nikaanza ya pili. Nikawaza wamezimiwa kipaza sauti, wamefungiwa, wamehesabiwa vibaya, wamenunuliwa. Nilitembea kutoka kona ya uzio mpaka kona nyingine mpaka mbuzi wakachoka kuniogopa.

Theodora alitoka wa kwanza, mundu umening'inia kiunoni.

"Mia sita na nne wamekataa," akasema kabla sijauliza. "Mia tatu na kumi wamekubali. Meku, mzee wangu, umekonda kwa saa mbili tu!"

"Walihesabu mikono au karatasi?"

"Karatasi."

"Nani alihesabu?"

"Gladness na katekista. Mara mbili."

"Na masanduku yalikuwa wapi wakati wa—"

"Shemeji, ng'ombe wangu hajala tangu asubuhi." Alikuwa ameshaanza kushuka njia ya kwenda shambani, mundu ukimgonga pajani. Wanawake wengine walikuwa wanatoka mlangoni makundi makundi na kumfuata. Nilibaki pale kwenye uzio, nikimsubiri katekista atoke.